Mama Alitaka Kuigizwa Akiwa Hai

Pale njia panda ya Mbalizi, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kuna bango la sabuni ya kuogea. Mwanamke aliye kwenye bango hilo amevaa gauni la rangi ya dhahabu, kidevu amekiinua, na nywele zake zinapepea kuelekea upande ambao upepo wa Mbalizi hauendi kabisa. Kila ninapopita chini yake na kikapu changu cha nyanya namsalimia kimoyomoyo: we Mngoni, shuka huko, utaanguka.

Watu huniuliza kama ni kweli namfahamu. Nikisema nimekua naye nyumba ya pili, nimelala naye kitanda kimoja, nimemtoa funza miguuni, wanazitazama ndala zangu, moja bluu na nyingine kijani, kisha wanabadilisha mazungumzo kwa upole. Siwalaumu. Hata mimi nikijitazama sioni mtu wa kujuana na mabango.

Mimi si mtembezi. Kidato cha nne nilimaliza, cheti kipo kabatini chini ya mashuka ya wageni, na tangu niolewe na huyu Msafwa wangu mpole, safari yangu ndefu ni ya kwenda Iringa kwenye harusi na misiba. Hata huko, siku ya pili tu naanza kupiga simu kuuliza kama kuku wamefungiwa. Kwa hiyo hili ninalosimulia lilinikuta nyumbani, kama mambo yangu yote.

Tulikulia Kihesa, Iringa. Sisi Wahehe, kina huyo wa kwenye bango Wangoni. Baba yake alitoka Songea kuja kuendesha lori la mbao. Mababu zetu walipigana vibaya hapo zamani, na waliposhindwa kumalizana wakabaki wanataniana mpaka leo. Wao wanatuita wala mbwa. Sisi tunawaita wala panya, na tunawaambia babu zao walitimua mbio wakaacha viatu. Wanajibu kwamba siku hizo viatu havikuwapo, na kama vingekuwapo Wahehe wangevichemsha.

Lakini utani wetu si maneno ya barazani tu. Una kazi, na kazi yake kubwa iko msibani. Mtu akifa, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Anachukua nguo ya marehemu anaivaa, anatembea kama alivyotembea, anakohoa kama alivyokohoa, anagombana na mjane vilevile walivyokuwa wakigombana. Waliolia tangu alfajiri wanajikuta wameshika mbavu. Halafu anakaa katikati ya njia, jeneza halipiti mpaka apewe kuku, au aambiwe ile nguo aliyoivaa ni yake. Mgeni akiona anadhani ni utovu wa adabu. Sisi tunaona msiba usio na mtani umepoa, kama chai iliyosahaulika mezani.

Mwenzangu huyu alikuwa na miaka kama kumi alipoigiza kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefariki mzee wa jirani, fundi saa, mtu mwenye tabia ya kuongea nawe huku jicho moja amelifumba, kana kwamba hata wewe una kigurudumu ndani kimelegea. Baba yake mwenzangu alikuwa safarini na lori, Mngoni mwingine karibu hayupo, wanawake wamelia mpaka sauti zimekauka. Yeye akaingia chumbani, akatoka amevaa koti la mzee, limemfika kwenye vifundo vya miguu. Akafumba jicho. Akapita katikati ya waombolezaji taratibu, akaushika mkono wa mjane, akauweka sikioni, akautikisa kidogo, akauliza, "Huyu amesimama tangu saa ngapi?"

Mjane alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Alipoinuka aliomba uji, na alikuwa hajala siku mbili.

Mimi ndiye niliyemshikia gauni lake alipokuwa amevaa koti. Hiyo ndiyo kazi niliyoipata katika sanaa ya nchi hii, na mpaka leo sijapandishwa cheo.

Tulipelekwa bweni Mbeya, sekondari ya wasichana, kwenye baridi lile la mwezi wa sita ambalo unaamka asubuhi unahesabu vidole kama vyote vipo. Huko alimwigiza matroni, mpishi, mkuu wa shule, na jogoo wa mkuu wa shule. Akikamatwa yeye anachapwa kwa kuigiza na mimi nachapwa kwa kucheka. Tulipomaliza, alikwenda Dar es Salaam kwa shangazi yake, akisema anakwenda kusomea ukatibu muhtasari. Mimi nilirudi nyumbani kupumzika kidogo, na bado napumzika.

Filamu yake ya kwanza aliingia na trei ya juisi, akasema "Karibuni," akatoka. Mama yangu aliirudisha ile sehemu mara nyingi mpaka CD ikakwaruzika, ikawa kila akifika kwenye "Karibu" anagandia hapo na trei mkononi. Baadaye akawa mke wa tajiri, halafu yeye mwenyewe tajiri, halafu mwanamke wa kumwangusha tajiri. Akawa ndiye nyota. Magauni yenye mikia, magari yanayofunguliwa milango, tuzo analia akiipokea. Kuna mwaka kila saluni ya Mbalizi ilikuwa na picha yake ukutani, na ukikaa kwenye kiti msusi haulizi, anafuata kichwa cha kwenye picha. Na mimi nilikaa. Niliporudi nyumbani mume wangu alinitazama muda mrefu, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Mama peke yake ndiye hakutikisika. Nikiwa Iringa tulikuwa tukimtazama nyota wetu kwenye televisheni, machozi yanamshuka mawili mawili kwenye mashavu, kope hazijaloa, pua kavu.

"Huyu halii," mama akasema. "Anavuja."

"Mama, ndiyo sinema."

"Zamani alikuwa anakuwa watu. Sasa hivi ni yeye tu kila siku, anabadilisha nguo."

Nilimtetea kwa nguvu, maana kumtetea yeye ndiyo michezo pekee ninayoshiriki. Lakini maneno yale yalinikaa.

Miaka michache iliyopita magoti ya mama yakagoma, nikamtoa Iringa nikamleta kwangu. Amepita themanini, kichwa chake kizima kuliko changu, na anaendesha nyumba yangu akiwa amekaa kwenye kiti. Asubuhi moja tulikuwa tunachagua maharage uani, akaniuliza, "Siku nikifa, yule Mngoni atakuja kuniigiza?"

"Atakuja, mama. Si ameahidi?"

"Watu watacheka?"

"Watacheka sana."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

Nikafikiri kidogo. "Kwenye jeneza, mama."

"Basi hapo ndipo penye shida," akasema, akatupa punje mbovu. "Nimecheka misiba ya watu wote Kihesa. Nimemcheka fundi saa, nimemcheka baba yako. Wa kwangu ndio nisiuone? Mwambie aje anifanye sasa hivi, nikiwa na macho."

Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Hakucheka. Kesho yake akauliza kama nimeshampigia. Keshokutwa pia.

Nikampigia kwanza kaka yangu aliyebaki Iringa, nikitafuta mtu wa kunikataza. Alinikataza vizuri. Alisema huo ni uchuro, mtu hafanyiwi ya msibani akiwa anakula ugali, na kama mama akipatwa na lolote mwezi huo yeye atajua pa kuanzia. Mama alikuwa ananisikiliza kutoka kwenye kiti chake. Alinyoosha mkono nimpe simu.

"Baba," akamwambia mwanawe, "wewe unataka nifurahi lini? Nipangie siku."

Nikamtumia mwenzangu ujumbe wa sauti. Siku nne kimya. Siku ya tano simu ikaita, nikasikia ile sauti ambayo nchi nzima inaijua, imeshuka mpaka imekuwa ya Kihesa.

"Mhehe. Huyo mama yako mmemlisha nini?"

"Maharage."

"Mbwa ameisha?"

"Tunamtunza, tunakusubiri wewe."

Akacheka. Akasema ana kazi ya siku tatu Mbeya mjini, uzinduzi wa duka, atapita.

Alikuja Jumamosi mchana. Gari jeusi liliingia uchochoroni kwetu likiparua nyua za majirani pande zote mbili. Alishuka na miwani mikubwa, wigi refu mpaka mgongoni, viatu ambavyo visigino vyake vilizama palepale kwenye udongo wangu akabaki amesimama kama kigingi. Wanawake wa mtaa walikuwa wamejipanga ukutani wakijifanya wanaanika nguo. Wengine walianika nguo kavu. Alivua viatu, akapita peku mpaka kwenye kiti cha mama, akapiga magoti.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, Mngoni," mama akaitikia. "Toa hivyo vioo vya gari machoni nikuone."

Akavitoa. Mama akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua boga. "Umekonda. Dar hakuna panya?"

"Wamekimbia, mama. Walisikia nakuja kwa Wahehe wakaogopa kupikwa."

Mama akaridhika na jibu. Nikawaacha wawili, nikaenda dukani kufuata soda, maana mgeni kama huyu huwezi kumpa maji ya mtungi, ingawa ndiyo aliyoyataka. Niliporudi mama alikuwa ametulia kitini, mikono mapajani.

"Umechelewa," akasema. "Soda walikuwa wanazipika?"

Nilimwingiza mwenzangu jikoni ili anisaidie kusonga ugali, utani mtupu, kucha zake zilikuwa ndefu kuliko mwiko. Alifunga mlango. Akakaa kwenye ndoo ya unga iliyofunikwa, na gauni lake lile, akasema, "Siwezi."

"Huwezi nini? Kusonga?"

"Kumfanya mama. Jana nimejaribu hotelini mbele ya kioo. Nikiinama, naona mimi nimeinama. Nikikohoa, mimi ndiye ninayekohoa." Alikuwa anang'oa kucha za bandia moja moja na kuzipanga juu ya mfuniko wa sufuria yangu. "Miaka ishirini wananiambia usikunje uso, usikunje uso. Mwongozaji mmoja akiniona nacheka anasimamisha kamera. Kama hiki nilichoanzia kwa fundi saa kimekwisha, basi mimi ni wigi tu, Mhehe. Na yule mama atajua. Yule hadanganyiki."

"Ameshasema unavuja," nikamwambia. Sijui kwa nini. Wenzangu wana maneno ya faraja, mimi nina haya.

Akanitazama, nikadhani nimeharibu urafiki wa maisha. Akacheka bila sauti, mabega yanatikisika. "Amesema ninavuja?"

"Kama bati."

"Haya. Nieleze siku hizi yukoje. Wewe umekaa naye. Mimi nimekaa na kioo."

Nikageuza ugali huku nikieleza. Kwamba kabla ya kuinuka analipapasa goti la kulia mara mbili, kama anayeomba ruhusa kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwamba kopo la sukari analinusa kwanza, tangu siku niliyomchanganyia na chumvi mwaka juzi, na hatanisamehe. Kwamba simu ikiita anaishika mbali, anaitazama usoni, anaiambia "Subiri," halafu ndiyo anaipokea. Nilieleza kwa mikono, kwa mwiko, mpaka nikaona ananitazama kwa jicho moja, jingine amelifumba.

Tulipomaliza kula tulikaa uani. Mume wangu alileta kiti chake akakaa nyuma kidogo, kwa tahadhari ya mtu ambaye kwao hawafanyi haya na angependa ijulikane hivyo. Majirani watatu waliokuja kuomba chumvi kwa wakati mmoja walibaki. Mwenzangu alivua wigi, akanipa. Akabandua kope, akanipa. Chini ya yote hayo alikuwa na nywele fupi zenye mvi pembeni, uso wa mama yake mzazi. Kisha akasimama mbele ya mama akanyoosha mkono, kwa sababu desturi ni desturi, nguo lazima iwe ya mwenyewe.

Nilikumbuka uchuro wa kaka. Mama alifungua kanga aliyojitanda mabegani, ile ya zambarau iliyopauka, akaikunja mara mbili, akampa.

Alianza vibaya. Alijikunja mgongo, akatetemesha mkono, akatoa sauti ya bibi wa kwenye filamu, ile inayosema "wajukuu zangu" kila sentensi. Jirani mmoja alicheka kwa heshima. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama kama anavyotazama televisheni, na nilimwona anafungua mdomo kusema lile neno.

Mwenzangu akamuwahi. "Najua," akasema kwa sauti yake ya Kihesa. "Navuja. Ngoja."

Akakaa kwenye kigoda. Akajitanda kanga mabegani. Kisha akalipapasa goti la kulia mara mbili, akalitazama, akangoja jibu, akaona jibu halijafika, akapapasa tena, sasa kwa kuudhika, kama mtu aliyekwishamfahamu huyo mjumbe na rushwa zake. Mume wangu ndiye aliyepasuka wa kwanza. Mwenzangu akainuka kwa vipande. Akaokota kopo la maua, akalinusa, akanitazama mimi, akalinusa tena. Simu yake ya bei mbaya ikaita kweli mfukoni. Akaitoa, akainyoosha mbali, akaiambia, "Subiri," akairudisha mfukoni ikiita. Baadaye tulikuja kujua aliyekuwa anapiga ni meneja wake.

Mama alikuwa anacheka. Alicheka kwa kupiga paja, kwa kujifuta macho na kiganja, akisema, "Muongo huyu, muongo huyu, mimi sifanyi hivyo," huku akilipapasa goti.

Halafu mwenzangu akafanya kitu ambacho sikumweleza.

Akageuka kunitazama mimi, akasema kwa sauti ya mama, "Haya nenda dukani, lakini mimi sikutumi, mimi sina haja ya soda." Akangoja nitoke, ingawa nilikuwa nimekaa palepale nimeshika wigi. Akasikiliza. Akalipapasa goti, akainuka kwa shida, akatembea mpaka ukutani, kana kwamba ndipo dirisha la sebuleni, akasogeza pazia la hewani kwa kidole kimoja. Akatazama njia. Akarudi akakaa. Akapapasa goti, akainuka tena, akaenda tena dirishani. Mara tatu. Kila mara goti linamkatalia na kila mara analilazimisha. Ya tatu alisimama pale, midomo inasogea taratibu, kama anayemhesabia mtu hatua kutoka dukani. Ghafla akasikia geti. Na hapo, mtoto wa Kingoni, alikimbia. Kwa yale magoti, alikimbia kwa mwendo wa bata mpaka kwenye kiti, akakaa, akaweka mikono mapajani, akashusha pumzi, akasema bila kugeuka, "Umechelewa. Soda walikuwa wanazipika?"

Majirani walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, halafu nikaona siwezi kuendelea. Miaka yote ninayotoka na kikapu nikirudi namkuta amekaa palepale, nikidhani hajui hata kama nilitoka.

Mama alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akajua kwamba nimejua.

"Huyo siye mimi," akasema.

"Ndiye wewe, mama," mume wangu akasema kutoka nyuma. Yeye anafanya kazi zamu, kumbe siku nyingi anakuwepo nyumbani ninapotoka. Hajawahi kuniambia. Wasafwa.

Mama akafikiri. Kisha akamwita mwenzangu kwa kidole, akamshika tena kidevu. Safari hii hakumgeuza. "Umerudi," akamwambia. "Nilidhani umefia humo ndani ya televisheni."

Nyota wetu alilia palepale, pua na kila kitu, kamasi mpaka mdomoni, sura imekunjamana kama gunia. Hakuna mwongozaji angeiruhusu. Mama alimwangalia kwa furaha kubwa. "Hivyo ndivyo," akasema. "Sasa lete kanga yangu."

"Mama, kwa desturi hii ni yangu. Nimeifanyia kazi."

"Bado naitumia. Utaikuta."

Akairudisha. Akamfunika mabegani, akaikaza vizuri. Jioni gari jeusi likatoka likiparua ua wa jirani kwa mara ya pili, na mimi nikabaki na kope mbili na kucha kumi za bandia, ambazo bado ninazo kwenye kabati, pamoja na cheti.

Ananiambia siku hizi anawasumbua waongozaji wampe bibi kizee amwigize. Wanadhani anatania. Bango lake bado lipo njia panda, kidevu juu, na mimi bado napita chini yake na nyanya. Kilichobadilika ni mwendo wangu. Zamani nilikuwa nikitoka dukani nasimama kwa huyu, nasimama kwa yule. Sasa narudi moja kwa moja, na nikifika getini nalitikisa kwanza komeo, kwa nguvu, halafu nasimama nje kidogo kutazama mawingu.

Nampa muda wa kufika kwenye kiti.